Maswali na Majibu: Gesi ya Dampo na Umeme Wake

Mwezi uliopita nilimjibu msomaji wa Himo aliyeuliza kuhusu bayogesi ya samadi, na mwishoni nikaongeza sentensi moja tu kwamba gesi ya jamii hiyohiyo hujitengeneza yenyewe ndani ya dampo la mji, na kwamba zipo nchi zinazoitumia kuzalisha umeme. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko jibu lenyewe, na nyingi zimetoka Moshi na Arusha. Nimechagua chache na kuzipa nafasi yote ya mwezi huu, kwa sababu kabla ya kustaafu nilihudumia injini za gesi kwa miaka mingi, kadhaa kati ya hiyo katika kituo kidogo cha umeme wa gesi ya dampo nje ya nchi, na ninaona jambo hili likizungumzwa kwetu kwa haraka kuliko linavyostahili.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Arusha upande wa Muriet. Ninavyojua, taka zikioza huwa mbolea. Sasa hiyo gesi inatoka wapi, na mbona lundo la majani shambani kwangu halitoi gesi ya kuwaka?

Marahaba, mwanangu. Tofauti kati ya lundo lako na dampo ni hewa. Lundo la shambani lina mianya, nawe huligeuza kila baada ya majuma kadhaa, kwa hiyo vijidudu vinavyohitaji oksijeni ndivyo vinavyotawala humo. Vinapokula majani hutoa joto, mvuke na kaboni dayoksaidi, kisha vinakuachia mbolea. Damponi gari humwaga, buldoza hushindilia, kesho yake tabaka jingine huja juu, na oksijeni iliyonaswa kati ya taka huisha katika muda mfupi. Hapo huchukua kazi vijidudu visivyotaka oksijeni. Hutangulia vile vinavyogeuza wanga na sukari kuwa asidi, kama vile mbege iliyopitisha siku zake inavyochachuka, na ukitoboa dampo likiwa katika hatua hiyo utapata majimaji makali na gesi isiyowaka. Baadaye, mara nyingi kati ya miezi sita na miaka miwili tangu taka zifunikwe, huja kundi la mwisho, ambalo chakula chake ni zile asidi na ambalo hutoa methani.

Kuanzia hapo gesi inayotoka huwa karibu nusu methani na karibu nusu kaboni dayoksaidi, pamoja na mvuke wa maji na kiasi kidogo cha gesi nyingine. Harufu unayoisikia hutoka katika hicho kiasi kidogo, kwa kuwa methani yenyewe haina harufu wala rangi. Ni methani ileile iliyomo katika gesi asilia ya Songo Songo inayoendesha mitambo ya Ubungo, ila ya Songo Songo ni karibu methani tupu.

Kwa sababu chanzo cha gesi ni kukosekana kwa hewa, umbo la dampo ndilo linaloamua kiasi chake. Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, huchukulia kwamba jalala lisilosimamiwa lenye kina kisichofika mita 5 hutoa asilimia 40 tu ya methani ambayo taka hizohizo zingetoa katika dampo linalosimamiwa vizuri, na kwamba lenye kina cha mita 5 au zaidi hutoa asilimia 80. Aidha, taka zetu si sawa na za Ulaya. Sisi tunatupa maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, majani ya mboga na nyanya zilizooza, yaani vitu laini na vyenye maji, wakati wenzetu hutupa karatasi na mbao kwa wingi zaidi. Karatasi hutoa gesi polepole kwa miaka mingi, ilhali ganda la ndizi katika ardhi yenye joto na unyevu halingojei. Gesi yetu huja mapema na kupungua mapema, na anayepanga kujenga kituo cha umeme bila kulitia hilo moyoni atajikuta na injini kubwa juu ya dampo lililokwisha kuchoka.

Ndugu Mhandisi, mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, Manispaa ya Moshi. Katika kikao chetu kimoja mchangiaji alisema kwamba dampo likifungwa mtambo linaweza kutosheleza Moshi yote kwa umeme. Je, ni kweli? Na ukubwa wa mtambo unajulikanaje?

Ndugu Mjumbe, hapana, si kweli, na ni vizuri umeuliza kabla kauli hiyo haijaingia katika muhtasari wa kikao. Nitakupa hesabu yenyewe ili uweze kuirudia mbele ya wenzako.

Wahandisi wa Marekani hutumia kipimo cha kukadiria kinachosema kwamba taka zipatazo tani 900,000 zilizofukiwa vizuri huweza kulisha mtambo wa megawati 0.8 hivi. Sasa chukua mji unaopeleka damponi tani 100 kila siku. Namba hiyo nimeichagua kwa wepesi wa hesabu, si takwimu ya Moshi. Kwa mwaka zitakuwa tani 36,500, na kwa miaka 10 tani 365,000. Kwa kipimo kile zitalisha mtambo wa kilowati 300 hivi, ambao ukifanya kazi mchana na usiku kwa sehemu tisa za kumi za muda wote utatoa karibu uniti 6,500 kwa siku. Ukizigawa kwa nyumba zinazotumia uniti 2 kila moja kwa siku, zitatosha nyumba 3,000 na ushee. Si haba, lakini si Moshi yote, na viwanda na hospitali bado hatujavitaja. Tena kipimo hicho kinadhani dampo limefunikwa na gesi inakamatwa. Pale ambapo kifuniko ni chepesi au hakipo, nusu ya gesi au zaidi huenda zake hewani, kwa hiyo mimi ningeanza na mtambo wa kilowati 150, kisha nikasubiri dampo liniambie kama linaweza zaidi.

Mfano mkubwa wa Afrika unathibitisha jambo hilohilo. Jiji la Durban nchini Afrika Kusini lilianza kuzalisha umeme wa gesi ya dampo mwaka 2006 katika dampo la Mariannhill, kwa injini ya megawati 1, kisha likafunga megawati 6.5 katika dampo la Bisasar Road, ambalo ni miongoni mwa madampo makubwa ya bara hili. Kwa pamoja ni megawati 7.5. Kituo chetu cha umeme wa maji cha Nyumba ya Mungu, ambacho watu wa Kilimanjaro wanakijua na hawakihesabu kuwa kikubwa, kina uwezo wa megawati 8. Jiji la mamilioni ya watu, lenye dampo la miaka mingi, halikufikia Nyumba ya Mungu.

Ukubwa wa mtambo unajulikana kwa kupima. Huchimbwa visima vichache vya majaribio, gesi huvutwa kwa feni kwa majuma mengi bila kukatiza, na kila siku huandikwa ni mita ngapi za ujazo zimetoka na ndani yake methani ni asilimia ngapi. Ukivuta siku mbili tu utapata akiba iliyokuwa imelala ndani ya dampo na utadhani ndiyo mapato yake ya kila siku. Injini ya kilowati 300 huhitaji karibu mita za ujazo 170 za gesi yenye nusu methani kila saa, kwa hiyo kama visima vinatoa 90, ndiyo hizo 90, hata mwekezaji awe mwema kiasi gani. Katika kile kituo nilichofanyia kazi walinunua injini mbili kwa kufuata makadirio ya karatasini, na dampo likaweza kulisha moja. Ya pili niliikuta imefunikwa kwa turubai, na nilipoondoka miaka kadhaa baadaye niliiacha vilevile, ilhali mkopo wake ulikuwa ukilipwa kila mwezi. Huwa naikumbuka kila nisikiapo mtu akitaja megawati kabla hajataja kipimo.

Niongeze jambo moja ambalo kikao chenu kinahitaji. Faida ya kwanza ya kukamata gesi hii si umeme. Kilo moja ya methani ikiachwa hewani hupasha dunia joto kama kilo 28 hivi za kaboni dayoksaidi, ukihesabu kwa miaka 100. Ikichomwa, kilo hiyohiyo hugeuka kuwa kilo 2.75 tu za kaboni dayoksaidi. Kwa maana hiyo hata mwenge, yaani bomba refu lenye kichomeo juu yake, unafanya sehemu kubwa ya kazi kabla injini haijafika. Mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya utaratibu wa maendeleo safi wa Itifaki ya Kyoto, yaani mkataba wa mataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, mwaka 2007, ulikuwa wa dampo la Mtoni, Dar es Salaam. Jina lake lilitaja gesi na umeme, lakini kilichotangulizwa ni mwenge. Leo biashara ya kaboni, yaani kuuza upungufu wa gesi hizo uliothibitishwa, ina kanuni zake za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Manispaa inayotaka kuingia huko ianze na kifuniko cha dampo, ifuate visima na mwenge, kisha ndipo izungumze injini. Mpango unaoanza na injini ningeurudisha kwa mwandishi wake.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni fundi wa jenereta, Majengo, Moshi. Nimewahi kubadilisha jenereta ya petroli itumie bayogesi ya mfugaji wa Machame, na inafanya kazi mpaka leo. Je, gesi ya dampo ina tofauti gani? Naweza kuijaribu?

Marahaba, fundi, na hongera kwa kazi ya Machame. Injini inafuata kanuni ileile. Vituo vya gesi ya dampo hutumia injini za plagi za mipigo minne, nyingi zikiwa za Jenbacher au Caterpillar, zikizunguka mara 1,500 kwa dakika ili umeme utoke kwa hezi 50 kama ule wa gridi. Kaboni dayoksaidi iliyomo hufanya moto uende taratibu ndani ya silinda, kwa hiyo cheche hutangulizwa kidogo, kama bila shaka ulivyofanya kule Machame. Ukitaka kutumia injini ya dizeli, ambayo haina plagi, utalazimika kuiachia dizeli kidogo iwe kiwashio. Na usisahau mwinuko: injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo iliyoandikwa kilowati 100 kibaoni haitatoa 100 Arusha, na hata Moshi itapungua.

Tofauti kubwa iko katika usafi wa gesi. Gesi ya mfugaji hutoka kwenye chakula cha aina moja, kinyesi cha ng'ombe wale wale, wakati gesi ya dampo hutoka kwenye kila kitu ambacho mji umekitupa, na mengine yanaingia nayo katika injini.

La kwanza ni maji. Gesi hutoka kisimani ikiwa ya vuguvugu na imeshiba mvuke, kisha hupoa njiani na kutoa matone, kama kifuniko cha sufuria kinavyotoa jasho. Mabomba yote lazima yalazwe kwa mteremko kuelekea vyungu vya kunasia maji. Hilo linaonekana rahisi mpaka ukumbuke kwamba dampo haliachi kushuka: taka zinaoza, zinasinyaa, ardhi inabonyea, na bomba lililokuwa na mteremko mzuri mwaka jana mwaka huu lina tumbo lililojaa maji, gesi haipiti. Kazi yangu ya kila Jumatatu asubuhi ilikuwa kutembea na kuligonga bomba kwa fimbo nikisikiliza mahali lilipobadilisha mlio. Masika hufanya hayo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu majimaji ya dampo hupanda ndani ya visima vyenyewe na kuziba matundu ambamo gesi ingepita.

La pili ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikichangamana na unyevu huwa asidi na kula beringi, radieta na mabomba ya shaba. Hii unaifahamu kutoka Machame na huenda uliichuja kwa vyuma vyenye kutu. Damponi huweza kuwa kali zaidi, na sababu mojawapo ni jipsamu: mabao ya dari yanapovunjwa na kutupwa pamoja na taka zinazooza, vijidudu huinyang'anya jipsamu salfa yake na kuigeuza kuwa gesi hiyo. Ukiangalia dari mpya zinazofungwa Moshi na Arusha kila siku, utaelewa kwa nini nashauri vifusi vya ujenzi viwe na mahali pake.

La tatu ndilo lililonitesa kuliko yote, nalo hutalikuta kwenye samadi. Linaitwa siloksani. Ni viambato vyenye silikoni vinavyotiwa katika shampuu, losheni na manukato ya kwapani, na mabaki yake yanapofika damponi hugeuka mvuke na kusafiri pamoja na gesi. Kikiungua ndani ya silinda, hicho kiambato huwa mchanga mweupe, mgumu kama kioo, unaogandamana kwenye vali, kwenye plagi na juu ya pistoni. Nimefungua kichwa cha injini iliyotarajiwa kufanya kazi miaka na kukuta vali imekaa juu ya ganda jeupe, haifungi, kompresheni imekwisha. Dawa yake ni kupooza gesi na kuipitisha katika mkaa maalumu wa kuchujia, kisha kubadilisha oili mapema kuliko kitabu cha injini kinavyosema na kupeleka sampuli ya oili maabara ili silikoni ionekane kabla haijauma.

Mwisho, usivute gesi kwa pupa. Feni ikivuta kuliko taka zinavyozalisha, hewa huingia kwa juu, methani hushuka chini ya asilimia 40 au 45 na injini huanza kukohoa. Lililo baya zaidi, oksijeni ikifika kwenye taka zenye joto huweza kuwasha moto chini kwa chini ambao utachukua miezi kuuzima. Kanuni za Marekani kwa muda mrefu zilitaka joto la kisima lisizidi nyuzi 55 na oksijeni isifike asilimia 5, na hata mahali pasipo na kanuni mimi ningezifuata.

Kuhusu kujaribu, mwanangu, nakusihi usichomeke bomba damponi peke yako. Tafuta kwanza nafasi ya kujifunza chini ya watu wenye vipimo vya gesi na mavazi ya kinga. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi hulevya pua, usisikie tena harufu yake, ukadhani imeondoka.

Mhariri, sisi tumejenga karibu na shimo la taka la zamani lililofukiwa, hapa Arusha. Mtaa wetu una wasiwasi: je, gesi hii inaweza kulipua nyumba? Na kama mtambo ungewekwa, hatari ingeongezeka?

Wasiwasi wenu ni wa haki, nami sitaupuuza kwa maneno ya kufariji. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka ikipata cheche. Hewani nje haifiki huko kwa kuwa ni nyepesi na hupaa. Hatari iko mahali palipofungwa, kama chumba cha chini ya ardhi, shimo la mita ya maji, karo lenye mfuniko au stoo isiyo na dirisha. Katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, Uingereza, tarehe 24 Machi 1986, nyumba moja ilibomolewa kabisa na mlipuko na watu watatu waliokuwemo wakajeruhiwa. Gesi ilikuwa imetoka katika shimo la taka la jirani na kusafiri chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe, na siku hiyo kanieneo ya hewa ilishuka ghafla, ardhi ikatema gesi kwa wingi kuliko kawaida. Shimo lilikuwa limekwisha kufunikwa udongo. Hilo ndilo la kukumbuka: kifuniko kisicho na visima huizuia gesi kwenda juu, nayo hutafuta njia ya pembeni.

Kwa hiyo mtambo uliojengwa sawasawa hupunguza hatari, kwa sababu visima vyake huivuta gesi ndani badala ya kuiacha itangetange hadi misingi ya nyumba zenu. Kwa sasa fanyeni haya. Msichimbe shimo la choo au kisima karibu na mpaka wa eneo lililofukiwa bila kupimiwa gesi. Mtu asishuke katika shimo lolote lililokaa limefungwa, kwani kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kumaliza pumzi ya mtu kabla hajaita msaada. Anayeshuka kumwokoa naye hubaki humohumo. Toboeni matundu ya hewa chini na juu ya kuta za stoo. Kisha andikeni barua kwa afisa mazingira wa halmashauri, nakala kwa taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, mkiomba kipimo cha methani kando ya misingi, na muombe kipimo hicho kifanywe zaidi ya mara moja, ikiwemo siku ya mvua, ardhi inapokuwa imeloa na kuziba.

Lipo pia suala la kuporomoka, ambalo visima vya gesi peke yake haviliponyi. Mwezi Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka na kuua zaidi ya watu 110, na mwezi Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka likafukia nyumba na watu. Hapo kinga ni mteremko wa wastani, mifereji ya maji na umbali kati ya dampo na makazi. Naumia ninapoona umbali huo ukiliwa kiwanja kwa kiwanja.

Mtambo ukija, sisi tunaookota chupa na vyuma damponi tutafukuzwa?

Sioni sababu ya kiufundi ya kufukuzwa kwenu. Plastiki, vyuma na chupa havitoi gesi hata kidogo. Vinakula nafasi tu na kuzuia maji yasipite vizuri. Mnapoviondoa mnalisaidia dampo. Kinachopaswa kubadilika ni mahali: mchambue penye sakafu na paa, kabla taka hazijafukiwa, na pasiwe na kuchoma nyaya wala matairi juu ya eneo lenye visima. Halmashauri itakayoandika mkataba wa mtambo bila kuandika ndani yake eneo lenu la kuchambulia itakuwa imewadhulumu watu walioifanyia kazi kwa miaka bila mshahara.

Nimesoma kwamba Ethiopia wanachoma taka kupata umeme. Si ndiyo hiyohiyo? (Mwanafunzi, Tengeru)

Siyo, mwanangu. Mtambo wa Reppie, Addis Ababa, uliozinduliwa mwaka 2018, unachoma taka zenyewe katika tanuri, joto lake linachemsha maji, na mvuke unazungusha tabo, yaani gurudumu linaloendesha jenereta. Gesi ya dampo haihitaji tanuri. Vijidudu vimekwisha kufanya kazi. Kuchoma kunafaa taka kavu, na taka zetu zenye maji mengi hutumia sehemu kubwa ya joto kujikausha zenyewe.

Umeme huo atanunua nani? (Mfanyabiashara, Moshi)

Mnunuzi wa kawaida ni TANESCO, kwa utaratibu wa wazalishaji wadogo unaosimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao uliwekwa kwa mitambo ya kati ya kilowati 100 na megawati 10. Mlio Moshi mna mfano jirani: kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme wake na kimewahi kuuza ziada katika gridi. Lakini mtambo mdogo hupata thamani zaidi ukiuza kwa jirani aliye karibu au ukijitumikia wenyewe kuendesha pampu za majimaji ya dampo, taa na feni, kwa sababu njia ya umeme na transfoma ya kuunganisha kilowati 150 zinaweza kula faida ya miaka.

Mzee, nina meza ya ndizi na mboga Soko la Kilombero, Arusha. Kila jioni tunajaza gari zima la maganda na nyanya mbovu. Kama vitu hivi ndivyo vyenye gesi, kwa nini tuvipeleke dampo na kuvichanganya na nailoni, halafu tuanze kuchimba visima kuitafuta hiyo gesi?

Swali lako, binti yangu, ndilo ningependa vikao vyote vianze nalo. Taka safi za soko ni bora ziingie katika tangi lililofungwa siku hiyohiyo. Tani moja ya mabaki ya chakula na mboga katika tangi linalotunzwa vizuri huweza kutoa karibu mita za ujazo 100 za bayogesi, yenye methani asilimia 60 hivi, na kwa injini ya kawaida hiyo ni karibu uniti 200 za umeme. Soko linalotoa tani 10 kwa siku lingeweza kulisha mtambo wa kilowati 80 bila kukoma, gesi yote ikikamatwa, bila jipsamu wala siloksani za kumsumbua fundi, na mabaki ya tangi yakarudi shambani kama mbolea. Nchini tumekwisha kufanya jambo la namna hiyo: mwaka 2008 katika shamba la mkonge la Hale, Tanga, ulizinduliwa mtambo wa kilowati 150 wa kutumia mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa. Na hapohapo Arusha mnayo CAMARTEC, taasisi iliyojenga na kufundisha ujenzi wa mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980.

Hilo haliondoi haja ya visima. Taka zilizokwisha kufukiwa zitaendelea kutoa gesi kwa miaka, nazo lazima zikamatwe na angalau zichomwe kwenye mwenge. Lakini taka za kesho zina njia iliyo nyepesi zaidi, na inaanzia mezani kwako.

Mkitaka kuanza, msinunue tangi bado. Zungumzeni na uongozi wa soko muwekewe mapipa mawili kila mstari, moja la maganda na mboga tupu, jingine la kamba, nailoni na vifungashio. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vifungashio na kamba bado vipo, na kamba moja inayojisokota kwenye kikorogeo cha tangi inaweza kusimamisha kazi ya siku mbili. Kisha pimeni kwa mizani pipa la maganda kila jioni kwa mwezi mmoja, na mrudie mwezi mwingine wakati wa masika, kwa kuwa mzigo wa soko haulingani mwaka mzima. Andikeni pia ni vitu gani vinajaa zaidi, maana machungwa na ndimu zikizidi hulichachusha tangi na vijidudu hugoma. Mkishapata namba hizo nitumieni kwa anwani ya gazeti, nami nitawahesabia ukubwa wa tangi katika ukurasa huu.